Eda ya Membe

Mamangu mpenzi,

Salamu zikufikie huko uliko, mahali pasipo na posta. Mimi nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe mwenyewe ungeliniuliza kabla sijavua buibui, "Wachoka nini, nawe wakaa kitini kutwa?" Nami ningelikujibu kwa mguno. Sikai kitini, mama. Nakimbiza karatasi za mizigo ya watu huko Kilindini, kutoka dirisha hili hadi dirisha lile, na kila dirisha lina mtu anayesema njoo kesho. Nikirudi napanda ngazi zetu kwa kushika ukuta. Mwaka huu ni wa tatu tangu tukuzike, na bado nikifika juu husimama kidogo kusikiliza kabla ya kuvua viatu.

Nakuandikia kwa sababu majuma machache yaliyopita nilifanya jambo uliloniagiza zamani, na kwa sababu zamani hiyo nilikudanganya kuwa nimelifanya. Naandika wazi, anayetaka asome, maana uongo wenyewe mtaa mzima uliusadiki na kuufurahia. Haifai kuukiri kwa kunong'ona.

Ni habari ya ndege wako.

Wewe unalijua tishari, lakini wengine hawalijui, kwa hiyo nivumilie niwaeleze. Ni chombo cha chuma, kipana kama uwanja wa shule ndogo, kisicho na injini, cha kubebea mizigo na kuvutwa na chombo kingine. Lililetwa mbele ya nyumba zetu likiwa limejaa mchanga wa kujengea. Wenyewe wakagombana, wakapelekana kortini, na tishari likabaki pale pale limefungwa kwa minyororo. Mvua ikaupiga mchanga ukashikana, na pembeni zikaota nyasi. Watu wakalizoea, ikawa hata mgeni akiuliza "lile ni nini?" tunageuka kuangalia tunaulizwa nini.

Mwaka aliofariki baba ndio mwaka ndege hao, membe, walipokuja. Weupe, kichwani wana kofia nyeusi, mkia umepasuka panda, na makelele yasiyo na mwisho. Membe hajengi kiota, hutaga mchangani. Nami nikifikiria mji wetu huu, kutoka Ngome ya Yesu hadi Buxton, sijui kama kulikuwa na mchanga mwingine usiokanyagwa na mtu isipokuwa ule wa kesi.

Baba alikuwa serahangi, mkubwa wa mabaharia wa matishari kule Kilindini, upande wa pili wa kisiwa. Hili halikuwa lake, na nilikwambia hivyo siku uliyoanza kulitazama sana. Ukanijibu, "Tishari ni tishari." Sikukwambia tena.

Ulikaa eda chumba cha juu, miezi minne na siku kumi, kwenye mkeka chini ya lile dirisha linaloangalia maji. Nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna asmini, hakuna udi. Hukuruhusu mtu mwingine kukaa mahali pako, hata ukiwa umekwenda kutawadha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kazi yangu ilikuwa kupanda na kushuka. Nikikuletea uji nakukuta umeweka uso kwenye vipande vya mbao vya dirisha, unawazungumzia ndege kama majirani waliohamia juzi.

"Hata mkeka hawatandiki, watu hawa," ulisema siku ya kwanza.

Baadaye ukawapenda. Ulinionyesha kuwa mmoja huatamia yai na mwenziwe huenda kuvua, na akirudi hupokezana. "Angalia. Huyu ainuka, yule aketi. Babako hakunipokea hata siku moja." Ukacheka. Kisha ukalia mpaka uji ukapoa, nami nikasimama na bakuli nisijue nikuwekee au niondoke nalo. Kunguru nao walikuwa adui zako. Wakilisogelea tishari, ulikuwa ukigonga ubao wa dirisha kwa mtawanda wako, kile kiatu cha mti, ko ko ko, na kunguru hawakusikia kitu, walikuwa mbali. Aliyesikia ni Bohora wa nyumba ya pili, aliyenituma nikuulize kama unahitaji fundi.

Na Ami Saidi, ndugu wa baba, unakumbuka alivyokuja? Eda ilikuwa haijafika hata mwezi wa pili. Alikaa nje ya pazia, akanywa kahawa yake yote kwanza, kisha akaanza: nyumba ni ya urithi, wanunuzi wako, mambo haya yakicheleweshwa huharibika. Nilikuwa nimesimama katikati na sinia. Sauti yako ilitoka nyuma ya pazia, ya chini kabisa.

"Shemeji, mwanamke hatolewi nyumbani naye yu edani. Ijapokuwa nyumba si yake. Ningojeni nimalize, kisha njooni na mizani yenu."

Ami aliangalia kikombe. Akasema, "Kweli, shemeji. Kweli." Akashuka. Na kwa sababu alilazimika kungoja, hasira zilipoa na wanunuzi wakaenda kwingine, na mwisho wake yeye akachukua chini na sisi tukabaki juu, nami niko juu mpaka leo. Nilidhani wakati ule umetumia sheria kumshinda. Sasa nadhani ulikuwa umechoka tu na huna pa kwenda.

Haya, nije kwa lile lenyewe.

Walikuja watu watatu na kihori, kile kimtumbwi kidogo cha kuvukia, na ndoo za plastiki. Wakapanda juu ya tishari wakaokota mayai. Ndege walifumuka wote kwa pamoja wakawa wanawapiga vichwani kwa mabawa, na wale watu wakawa wanacheka huku wamejifunika ndoo. Wewe ulishika vyuma vya dirisha kwa mikono miwili. Hukupiga kelele. Ulikuwa edani, hutaki wanaume wageni wakusikie sauti. Walijaza, wakaenda zao.

Kesho yake asubuhi wakarudi. Ukaniita.

"Wako ngazi za majini, nawasikia. Enda ukawambie wasitukue yote. Wawawachie japo moja moja. Wambie, 'Mamangu asema.'"

Nikashuka. Mama, nilishuka kweli, kwa nia ya kwenda. Ile njia nyembamba inayotelemka hadi ngazi za majini, unajua pale inapopinda, palikuwa na yule mama muuza viazi karai na benchi lake. Kutoka pale nikawaona. Wanaume wazima watatu, wanafungua kamba, wanataniana kwa maneno ambayo msichana hayasogelei. Nikaona haya. Lakini haya si sababu yote, na leo sina nguvu ya kujipamba. Nilikuwa nimechoka na kutumwa. Tangu baba afe sikuwa nimekaa chini. Enda dukani, enda kwa khaleti nduguyo, enda ukamwambie shekhe, na sasa enda ukawaombee ndege. Nilijisemea, nimefiwa na mimi pia, mbona hakuna anayenitumikia?

Nikakaa benchini. Nikala viazi vinne na chatine ya ukwaju, nikiwatazama wakisukuma kihori. Kilipofika kwenye tishari na ndege wakaanza kulia, nikaagiza cha tano.

Nikapanda juu. "Nimewaambia," nikasema.

"Wakasemaje?"

"Wamesema leo ndio mwisho. Hawatarudi."

Ukanitazama. Nilidhani ni muda mrefu, labda haukuwa. Kisha ukachomoa kitambaa chako kwenye kifundo cha nguo, ukanipa.

"Haya. Futa mdomo."

Nikafuta, nikadhani ni jasho.

Na kweli hawakurudi. Baadaye nilikuja kusikia kwamba mayai yaliyobaki yalikuwa yameshaingia damu, hayaliki tena. Lakini wewe hukungoja maelezo. Wanawake walipokuja kukuliwaza siku ya Ijumaa uliwaambia, "Muoneni huyu mdogo. Amewakabili wanaume watatu kwa ajili ya ndege." Wakanipa jina hapo hapo, Bi Membe. Niliinamisha kichwa kwa aibu, nao wakasema mashallah, na adabu pia anayo.

Jina hilo nimelivaa miaka ishirini na miwili. Muuza maji ananiita hivyo. Waongoza wageni wa pale Ngomeni wakipita chini ya dirisha letu na watu wao hunyoosha mkono juu na kusema, hapo ndipo anapokaa mwanamke aliyewaokoa ndege, na wageni hupiga picha kanga zangu zilizoanikwa. Kila mwaka kusi ikianza kuvuma membe hurudi, na kila wakirudi mtu hunipongeza, na kila nikipongezwa huhisi ukwaju kooni. Mara ngapi nilitaka kukwambia? Nilikuwa naanza, "Mama, ile siku," nawe unadakia, "Ile siku ulinifurahisha," nami nanyamaza. Sijui mtu anawezaje kuomba radhi kwa mtu anayemshukuru.

Hata kitandani, siku zako za mwisho, uliniuliza, "Membe washakuja?" Nikasema washakuja. Ukaniombea: "Mungu akulipe kwa wale ndege wangu." Niligeuka nikajifanya natengeneza mto. Dua ya mama, na mimi naipokea kwa kazi nisiyoifanya. Tangu siku hiyo uchovu wangu ulibadilika. Ule wa zamani ulikuwa wa miguu. Huu wa sasa hata Jumapili nikilala hautoki.

Sasa sikia ya mwaka huu. Kesi ya tishari imekwisha. Wenyewe wamezeeka, mmoja amekufa, na korti imeruhusu liuzwe. Amelinunua Bwana Awadhi, tajiri wa vyuma chakavu, yule ambaye babu zake walitoka Shihiri, Uarabuni, na wamekaa hapa mjini mpaka hawana tena mtu wa kumwendea kule. Habari niliipata kwa mpangaji wa Ami, Bohora mwingine, anayeuza makufuli hapo chini. "Bi Membe," akaniambia nikiwa napita, "tishari lako Jumatatu laenda kuvutwa, likakatwe." Alisema lako. Na juu ya tishari wakati huo makinda wamejaa, wamevaa manyoya ya vumbi, hata mmoja hajaruka.

Jioni wanawake wa mtaa wakapanda. Maneno yao yalikuwa mamoja: "Wewe ndiye uliyewazuia wale wa ndoo, basi nenda ukaseme na huyu." Nikawaambia nimechoka. Wakacheka, wakadhani ni mzaha wa shujaa.

Jumamosi asubuhi nikajifunga buibui. Nakwambia ukweli, sikwenda kwa ajili ya ndege. Nilikwenda kwa sababu sikuweza kubeba uongo wa pili wa namna ile ile. Pale njia inapopinda bado kuna viazi karai. Yule mama ameshafariki, anayekaanga sasa ni bintiye, na benchi ni lile lile. Akanikaribisha. Nikamwambia nikirudi.

Bwana Awadhi alikuwa ngazi za majini na mafundi wake, wakipima minyororo kwa macho.

"Salaam aleikum, Bwana Awadhi."

"Wa aleikum salaam, Bi Membe. Karibu. Na ulilojia nalijua." Alikuwa mpole, ndiyo shida yake. "Ila mimi si kama wale wa ndoo. Wale walikuwa wezi, ukawazuia, ukafanya vyema. Mimi nimenunua. Nina karatasi na muhuri wa korti."

"Wale sikuwazuia," nikasema.

"Vipi?"

"Sikuwafikia. Nilikaa benchi lile pale, nikala viazi, nikarudi nikamdanganya mamangu. Yeye akawaambia watu."

Mafundi waliacha minyororo. Mmoja aliangalia benchi, kama kwamba lingenishuhudia. Bwana Awadhi alikuna ndevu zake.

"Sasa waja kunizuia mimi?"

"Naja kukuomba."

"Haya, omba."

Nikamuuliza, "Mwanamke hutolewa nyumbani naye yu edani?"

"Hatolewi."

"Ijapokuwa nyumba si yake?"

"Ijapokuwa si yake. Kwani nani yu edani?"

Nikamwonyesha tishari. Alicheka, si kwa ubaya. "Bi Membe, hawa hawakufiwa."

"Wamefiwa kuliko mimi na wewe. Mwaka ule walichukuliwa mayai kwa ndoo, na kila mwaka kunguru hawawaachi. Hawa makinda ndio waliobaki. Wamekaa hapo wanangoja siku zao, hawawezi kwenda popote. Chuma ni chako. Mimi naomba eda tu."

Nikaona anatafuta pa kunishinda na hapati, si kwa sababu nilisema vizuri, bali kwa sababu lile neno likitajwa kwa mtu wa mji huu, hawezi kulipita tu.

"Na eda yao yesha lini?"

"Kinda wa mwisho akiruka."

"Na asiporuka?"

"Ataruka. Hata mamangu alitoka."

"Mamangu mimi alikaa eda mara mbili," akasema, akiangalia maji. Kisha akamwita mkubwa wa mafundi, akamwambia wapige simu, kile chombo cha kuvuta kisije Jumatatu. Akanigeukia. "Wa mwisho akiruka, siku ya pili yake navuta. Na wewe ndiye utakayenambia."

"Mimi? Baada ya hayo niliyokwambia?"

"Kwa hayo hayo uliyonambia. Na usinijie tena ukanambia wameachika, wana eda ya talaka."

Mafundi wakacheka, nami nikacheka. Sikununua viazi wakati wa kurudi. Yule binti aliniita nikampungia mkono.

Sikujidanganya kuwa nimeshinda. Tishari litakatwa. Mwakani ndege watarudi watazunguka juu ya maji matupu, na mimi sina mchanga wa kuwapa. Nimeomba majuma machache kwa ajili ya makinda waliokwisha kuanguliwa, basi, hayo tu ndiyo nguvu zangu zimefika. Lakini kwa kuwa nimepewa kazi ya ushahidi, ilibidi nipate pa kuangalilia. Nikisimama dirishani naona tishari upande mmoja tu, ukingo wa chuma unanificha makinda waliolala. Juzi, makinda wamebaki wachache, nikatandika mkeka chini, mahali pako, ambapo miaka yote hii sijakaa. Nikaweka uso kwenye vipande vya mbao kama wewe.

Mama, kuna ubao wa chini uliovunjika. Ami alileta fundi autengeneze ukamrudisha, ukasema, "Uwacheni, waniingizia upepo." Nilikuwa nakuona mkaidi. Ukikaa mkekani, jicho linaangukia penye ubao ule hasa. Nikachungulia. Unaona tishari lote, ndiyo, na makinda wote. Lakini ukishusha jicho kidogo unaona ngazi za majini, kipandio kwa kipandio. Na kabla ya ngazi unaona pale njia inapopinda. Na benchi.

Nilikaa pale nikimtazama binti wa muuza viazi akigeuza karai lake, hata pete yake niliiona.

Ulisema unawasikia wale watu. Hukusema kuwa unapaona. Uliniona nikikaa, uliniona nikiagiza cha tano, ukanisubiri nipande, ukaniuliza wakasemaje. Kisha ukanipa kitambaa nifute ukwaju. Na siku ya Ijumaa, mbele ya watu, ukanivika kazi ambayo sote wawili tulijua sikuifanya, ukaiacha mabegani mwangu miaka yote. Nimejaribu kukukasirikia siku mbili hizi na nimeshindwa. Nimelia badala yake, na uji wangu umepoa.

Makinda wamebaki watatu. Wawili wanapiga mabawa kutwa, kesho au kesho kutwa watakwenda. Wa tatu ni mvivu, anakaa kwenye nyasi anapanua mdomo kwa kila anayepita, na mimi namwombea uvivu zaidi. Jana ilinipitia akilini kwamba akiruka ninaweza kunyamaza siku tatu nne, Bwana Awadhi hana habari. Lakini huyu nitamwambia siku ile ile. Nitashuka, nitapita benchi bila kukaa, mdomo mkavu.

Pumzika, mama. Nami nikishamaliza hili nitajaribu. Ukitaka kuhakikisha kama nimekwenda, ule ubao wa chini bado sijautengeneza.

Binti yako,
uliyemtuma